Matete ya Mdogo Wangu

Bibi yetu alipofariki, shamba lake la ng'ambo ya Kivukoni liligawanywa vipande viwili, vyote vinaishia kwenye kijito. Kimoja nilipewa mimi, kingine mtoto wa mama mdogo, kwa hiyo mdogo wangu. Mkuyu mkubwa tuliokuwa tunachezea utotoni uliangukia upande wangu. Nilifurahi, ingawa wakati huo sikuwa na kazi nao.

Mimi nalima kama alivyolima bibi: mpaka umenyooka, na gugu likichungulia nakuwa nimeshaliona. Mdogo wangu alilima nusu tu. Jua likipanda kidogo, yeye kajilaza kwenye kivuli cha mkuyu wangu na simu kifuani, anaimba. Ile nusu nyingine, ya kule kijitoni, iliota matete mpaka yakamzidi kimo.

"Wewe binti, unafuga viboko humo?" wapita njia walimtania.

Anacheka tu. Mimi nilicheka kuwazidi wote.

Mwaka jana, kabla ya mvua, mwenyekiti wa kijiji alituita mkutanoni. Akasema serikali itawasaidia wakulima wanaotunza vyanzo vya maji. Watapewa mizinga ya nyuki ya kisasa na mafunzo, bure, ili mtu asilazimike kulima hadi ndani ya mto ndipo apate kula. Bwana shamba atapita kukagua, shamba kwa shamba.

Nilitoka pale tayari nina duka kichwani. Liko Lipangalala, kando ya barabara, limepakwa rangi ya njano. Chupa zangu za asali zinameremeta, nimesuka nywele vizuri, wateja wananiita mama asali na wala sijaolewa. Njia nzima nilitembea natabasamu peke yangu mpaka mzee mmoja akaniuliza kama nimeposwa.

Basi nikaanza kujiandaa. Kwa akili yangu kutunza ni kusafisha. Mgeni akija si unafagia? Nilifyeka ukingo wote wa kijito, nikang'oa mizizi ya matete, nikachoma, na majivu nikayafagia. Maji yalibaki wazi kama sinia. Nilipomaliza mgongo ulikuwa hauinuki, lakini moyo ulikuwa unaruka.

Bwana shamba alikuja asubuhi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaenda moja kwa moja mpaka majini. Akasimama.

"Nani kafyeka hapa?"

"Mimi, bwana shamba!" Kifua mbele.

Akavua kofia, akajikuna kichwa. "Binti yangu, hapa ndipo tulipotaka pasiguswe. Matete ndiyo yanayoshika udongo. Sheria inasema mita sitini kutoka kwenye maji, hulimi wala hufyeki."

Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma. Halafu akavuka mpaka, akaingia kwenye msitu wa mdogo wangu, akatoka anatabasamu.

"Huyu sasa ndiye mkulima! Hongera, umehifadhi vizuri sana."

"Asante, bwana shamba," mdogo wangu akajibu, kainamisha macho. "Nimejitahidi."

Nimejitahidi! Umejitahidi nini wewe, kulala? Maneno yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kwa siku nyingi kila nilipomeza yalinichoma.

Mizinga ilipoletwa, mipya, inanukia mbao, alikuja kwangu mbio.

"Dada, wamesema itundikwe juu. Kwangu hakuna mti. Naomba mkuyu wako."

"Mkuyu una siafu," nikamjibu bila kumtazama.

"Siafu? Mbona hatujawahi kuwaona?"

"Wamekuja juzi."

Akanitazama kidogo, akaondoka. Alichimbia nguzo katikati ya matete yake, akafunga mizinga kwa waya. Mimi nilikuwa mpakani, nikijifanya nanoa jembe.

Jioni zile niliomba vibaya. Mungu wangu, nyuki wasiingie. Halafu roho inanisuta, najirekebisha: basi, waingie wachache.

Waliingia wengi. Maua yalipochanua kwa mvua za kwanza, mdogo wangu aliniita kwa sauti ya mtu aliyejifungua. "Dada, njoo usikie!" Tulisimama mbali kidogo. Mzinga ulikuwa unavuma kama wanakwaya wanaotafuta sauti kabla ya misa. Alinishika mkono kwa furaha, na mimi nikaubana mkono wake huku machozi yananilenga. Naye akadhani nafurahi pamoja naye.

Kwangu matete yakaanza kuchipua tena. Kila asubuhi mkono unawasha. Nililitundika jembe ukutani ili nisilione, kwa maana bwana shamba aliahidi kupita tena msimu ujao.

"Shamba lako limeota ndevu!" walinipigia kelele wapita njia. "Unaumwa?"

"Nahifadhi," nikasema.

Wakacheka kama nilivyomcheka mwenzangu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kazi.

Masika ilipokolea, kijito kilijaa, maji yakapanda hadi matete yenyewe yakainama. Udongo wa ukingo wangu ulimeguka na mpunga wa mstari wa mwisho ukaenda zake. Ukingo wa mdogo wangu ulibaki. Lakini nguzo zake zilianza kulala, moja baada ya nyingine. Nilimkuta kasimama kwenye maji hadi magotini, ameikumbatia nguzo kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia mgonjwa asianguke. Haimbi. Nyuki wanamzunguka kichwani. Aliniona na hakuniomba kitu, na hilo sikuliweza.

Duka la njano lilinijia machoni, safari hii nyuma ya meza kakaa yeye. Likaniuma. Nikaingia majini vivyo hivyo.

"Ishike vizuri, isidondoke," nikamwambia. "Jua likizama na nyuki wakishatulia, tunaipandisha mizinga kwenye mkuyu. Mimi naleta kamba na moshi."

Akageuka, maji yanamtiririka usoni, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona meno yake.

"Dada, na wale siafu?"

"Wamehama."