Daraja Lifungwe Leo

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwekwa chini ya mhandisi mmoja mwanamke, mzaliwa wa Mtoni, mpole wa sauti. Yeye ndiye aliyeandika ripoti zote nzito za ofisi yetu. Nilidhani ni kwa sababu ya cheo chake.

Siku moja tulitumwa Manzese kukagua daraja dogo la waenda kwa miguu, lililovuka mfereji mpana nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma. Watoto walipita hapo kwenda shule, akina mama na ndoo zao za samaki. Tuliposhuka chini tulikuta maji yamekula udongo chini ya nguzo moja. Niliingiza mkono kwenye shimo hilo, ukazama mpaka begani, naye akapiga picha. Na masika yalikuwa karibu.

Ofisini niliandaa rasimu: historia ya eneo, aina ya udongo, namna tulivyopima. Akaisoma akiwa amesimama.

"Hesabu zako ziko sawa kabisa," akasema. "Atakayeisoma ni nani?"

"Mkurugenzi, mama."

"Naye si mhandisi, na mafaili yamemjaa mezani. Unataka afanye nini?"

"Afunge daraja."

"Basi mwambie hivyo."

Akaketi, akaandika. Sentensi ya kwanza: "Daraja hili lifungwe leo." Ya pili ilitoa sababu, kwa maneno ambayo hata mama yangu muuza vitenge angeyaelewa. Ikafuata njia nyingine ya kupitisha watu, na picha ya mkono wangu ndani ya lile shimo. Hesabu akaziweka mwisho. Neno "huenda" alilifuta karibu kila mahali, akalibakiza pale tu ambapo kweli hatukuwa na uhakika. Hapo ndipo nilipomvulia kofia: hakumtisha mtu, wala hakuficha asichokijua.

Kesho yake daraja lilizungushiwa mabati. Watu walinung'unika kwa kuzungushwa njia ndefu, naye akaenda mwenyewe kuwaeleza, kwa maneno yale yale ya ripoti.

Mvua zilipokolea, mwenyekiti wa mtaa alipiga simu.

"Mama injinia, limeanguka! Lakini watu wote wazima."

Alishusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema, akafumba macho kidogo. Kisha akavuta karatasi aanze maombi ya daraja jipya, nami nikasogeza kiti nione anaanzaje.