Mzunguko wa Tano

Hapa kisiwani Ometepe, ukilima migomba chini ya mlima Maderas, jembe litagonga tu jiwe lililochongwa na wazee wa kale, kabla Wahispania hawajaijua njia ya kuja. Mawe ni mengi. Lakini jiwe la Eustaquio Potoy lilikuwa jambo jingine: nyoka aliyejizungusha, na mfereji wake laini hata kidole kinateleza chenyewe. Alilirithi kwa baba yake pamoja na kazi ya kila mwaka. Kabla ya Juma Kuu, wageni wanapoanza kupanda huku kwetu, hukoroga majivu na maji akaijaza mistari, ionekane.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na kijijini hakuna swali lililowahi kunishinda. Ndiyo maana mwaka ule, mvua na kuvu vilipoufuta mkia wa nyoka, Eustaquio alinijia mimi. Alitaka kujua mizunguko ilikuwa minne au mitano.

"Mitano," nikamwambia. Sikuwa nimewahi kuhesabu. "We mzee, unamsahau nyoka wako mwenyewe? Kesho utamsahau na mkeo."

Akacheka. Akachukua nyundo na msumari, akauchimba ule wa tano taratibu, siku mbili nzima. Nilikaa pembeni nikila ndizi za kukaanga, nikimwelekeza.

Miaka kumi na moja ikapita. Novemba iliyopita akaja Mama Ileana wa ofisi ya mambo ya kale, kuamua kama jiwe libaki mikononi mwa Eustaquio. Alikuwa na picha ya zamani. Akahesabu mizunguko ya kwenye picha kwa kidole, akarudia. Minne.

Nikamkonyeza Eustaquio. Uongo nilikuwa nao tayari, wa kila aina: tetemeko, radi, hata mbuzi. Yeye akavua kofia.

"Ni mkono wangu, mama. Nilidhani namrudishia mkia wake."

"Nani alikwambia ni mitano?"

Hapo nikawa natazama viatu vyangu.

"Hakuna mtu," akasema. "Ni kichwa changu tu."

Mama Ileana hakumfokea. Alisema jiwe lililochimbwa hivyo haliwezi kuachiwa mkono uleule. Likazungushiwa waya, likatiwa kufuli. Akatafutwa mtu wa kushika ufunguo, anayejua kusoma kidogo na kutia sahihi. Wanakijiji wakanitaja mimi. Nikatia sahihi, ndefu, yenye mikia.

Sasa Juma Kuu limekaribia. Kila asubuhi Eustaquio hupita na jembe lake, akasimama nje ya waya. "Umeamkaje, mlinzi?" huniuliza, bila kejeli hata chembe. Jana alikuja na kopo la majivu yaliyokorogwa, kwa mazoea. Alipoliona kufuli, akayamwaga kwenye shina la mgomba, akaenda zake.

Mama Ileana atarudi Mei. Barua ya kumpelekea nimeianza mara tatu. Jina langu najua kuliandika vizuri. Yanayofuata ndiyo yanayonishinda.