Kalori Elfu Mbili na Mia Tatu

Walisema sitamaliza shule, nikamaliza. Walisema hakuna mtoto wa Ujiji aliyelelewa na muuza vitumbua atakayeondoka na begi la plastiki akarudi na stashahada ya lishe. Nikarudi nayo. Ina muhuri, imetiwa fremu, na nimeitundika sebuleni mahali ambapo kila anayekuja kuomba chumvi lazima aione. Kwa hiyo waliposema sitaweza kupunguza kilo kumi na sita, sikushangaa. Nilikasirika tu, na hasira ile haijaniisha mpaka leo ninapoandika.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Maboti yalishusha watu kutoka ng'ambo ya ziwa kutwa nzima, nami nilifanya kazi katika kituo cha kuwapokea, Kigoma mjini. Kazi yangu ilikuwa kupanga mgao: unga gramu kadhaa, maharage gramu kadhaa, mafuta gramu kadhaa, ili kila kichwa kipate kalori za kukiweka hai. Hesabu ile hakuna aliyeijua pale kunizidi. Na mimi mwenye hesabu nilikuwa na kilo mia moja na moja. Nilijipima kwenye mizani ya ghala, nimekaa juu ya bamba lake kama mzigo, wapagazi wamenizunguka.

"Bwana Mgao," alisema mmoja wao, mkimbizi mrefu aliyekuwa mwalimu huko kwao, "wewe ni magunia mawili ya kilo hamsini, na unga kidogo umemwagika pembeni."

Wakacheka. Daktari hakucheka. Aliniambia sukari imeanza kupanda, na alijua kwamba baba yangu alikatwa mguu kwa sukari hiyo hiyo. "Nakupa miezi minane," alisema. "Ushuke mpaka themanini na tano. Usiposhuka, tunaanza dawa, na dawa hizi mtu haziachi."

Nilikaa chini na kalamu. Kwa uzito wangu, na kwa mbio nilizokusudia kukimbia alfajiri tano kila wiki, Ujiji mpaka mtaa wa Mwanga na kurudi, mwili wangu ungetumia kama kalori elfu tatu kwa siku. Nikachagua kula elfu mbili na mia mbili. Mtu asiye na stashahada angeanza kwa kuacha kula. Mimi nilianza kwa hesabu.

Tatizo lilikuwa sinia. Nyumbani kwa mama mdogo, aliyenilea, tunakula watu sita kwenye sinia moja, na ukimwambia mpishi akutengee sahani yako umemtukana. Nikapima tonge langu la ugali wa muhogo kwenye mizani ya muuza dagaa, nikajua lina gramu ngapi, basi kila mlo nikawa nahesabu matonge kimoyomoyo. Nusu samaki wa mgebuka, hesabu. Maharage upawa mmoja, hesabu. Wenzangu wakipiga soga, mimi niko tonge la saba.

Baada ya wiki sita nikapanda tena mizani ya ghala. Mia moja na moja. Hata nusu kilo haikutoka.

Mtaa mzima ulifurahi. Watu niliokuwa nawapita alfajiri wakiwa wamejikunyata vibarazani walinipungia mikono. "Kimbia, msomi! Tumbo linakufuata nyuma!" Mama mdogo alinifariji kwa namna yake: "Huo mwili wa baba yako, mwanangu. Hauendi popote. Kula."

Siku hiyo sikwenda kazini. Nilivuta kigoda nikakaa jikoni, nikamwangalia akipika tangu mwanzo. Akachukua chupa ya mafuta ya mawese, akamimina kwenye maharage. Akamimina kwenye mchicha. Akakaanga migebuka kwa mawese, kisha yaliyobaki kikaangoni akayarudisha kwenye maharage, yasipotee.

"Mama mdogo, hapo umeweka vijiko vingapi?"

"Vijiko?" Alinitazama kama nimemuuliza ziwa lina ndoo ngapi. "Mawese yalianza lini kupimwa? Chakula kisicho na mawese ni cha hospitali."

Nilitaka kujizaba kofi. Mimi, niliyekuwa nikipima mafuta ya wakimbizi mpaka tone la mwisho, sikuwa nimeandika hata kijiko kimoja cha mawese katika daftari langu! Mafuta ya kazini yalikuja kwa meli, kwenye makopo yenye maandishi, kwa hiyo niliyaona ni chakula. Mawese nimekua nayo. Kwetu ni kama maji ya kupikia, hayasemwi. Nilipokadiria fungu langu nikapata vijiko vikubwa saba kwa siku, zaidi ya kalori mia nane. Wiki sita nilikuwa nakimbia kwenda Mwanga kuyachoma mawese, kisha narudi nyumbani kuyanywa upya.

Hapo ndipo hasira iliponiponza. Badala ya kuyaingiza mawese katika hesabu, nikayafuta kabisa, na juu yake nikashusha kiwango mpaka elfu moja na mia mbili. Nikanunua sahani yangu na sufuria yangu. Mama mdogo hakusema nami siku tatu. Mbio sikupunguza.

Kilo zilitoka, naam, zilitoka mbio. Mashavu yakaingia ndani. Suruali nilizipeleka kwa fundi cherehani wa Mwanga, akabana viuno, na baada ya wiki tatu nikazirudisha azibane tena. Ijumaa moja asubuhi nilipofika mbele ya kibanda chake macho yalijaa giza, nikaanguka magotini. Fundi akanikalisha kwenye benchi lake akaninywesha soda.

"Niambie ukweli kama ndugu yako," alisema kwa sauti ya chini. "Unaumwa?"

"Nafanya mazoezi."

"Eh. Ndivyo wanavyosema wote."

Kila msomaji aliyeishi miaka ile anajua alichofikiria. Mtu akikonda ghafla, na kwao ana sahani yake peke yake, hakuna aliyesubiri vipimo. Ijumaa ile, kabla adhana ya alasiri haijaisha, kila kibaraza cha Ujiji kilikuwa kimeshaniua kwa Ukimwi.

Na wadai wangu wakaja. Walikuwa watatu. Fundi huyo huyo alinipa nauli ya kwenda chuoni. Mama muuza dagaa, yule mwenye mizani, alinilipia ada ya mwaka wa kwanza, na mjomba wangu aliuza wavu wake ili nimalize. Nilikuwa nawalipa kidogo kidogo kila mwezi, kama tulivyokubaliana, na hakuna mwezi niliowahi kuruka. Sasa wamekaa sebuleni kwetu, chini ya stashahada waliyoilipia, wakiitazama shingo yangu.

"Hatukudai kwa ubaya," alisema mjomba. "Lakini mtu akiondoka, deni tutamdai nani? Nenepa, mwanangu. Ukinenepa tutakaa kimya. Usiponenepa, tulipe zetu kabla."

"Kabla ya nini, mjomba?"

Muuza dagaa akaanza kufuta machozi, nami nikiwa hai mbele yake!

Nenepa! Mguu wangu ukatwe ili wao walale usingizi. Nilienda kazini nikitetemeka kwa hasira na, lazima niseme, kwa njaa. Yule mpagazi mwalimu aliniona nikishikilia mlango wa ghala. "Bwana Mgao," alisema, "sisi tunakuomba uongeze, wewe unajipunguzia mwenyewe? Siku hizi unakula ngapi?" Nikamwambia. Akaelekeza kidevu kwenye jedwali langu ukutani. Mtoto aliyeshuka botini jana nilikuwa nimemwandikia zaidi ya hiyo. Aliyekimbia risasi hakupewa nafasi ya kuchagua. Mimi nilikuwa nimechagua, kwa kalamu yangu, na nilichagua kijinga.

Siku hiyo nikaandika upya: elfu mbili na mia tatu, mawese vijiko viwili, vimo ndani. Sahani nikampa jirani, nikarudi kwenye sinia. Mama mdogo aliambiwa vijiko viwili kwa fungu langu, akalalamika wiki nzima, akapima. Kilo zikaendelea kutoka moja moja, polepole, na miguu ikapata nguvu hata nikawa napanda mlima wa Kalinzi Jumapili bila kusimama. Miezi minane ilipotimia daktari alisoma karatasi ya damu mara mbili. Nilikuwa na kilo themanini na nne. "Dawa hatuanzi," alisema. Hakuna mtu Ujiji aliyenipigia makofi.

Basi nikauza pikipiki yangu ya kwendea kazini. Wadai walikuwa bado wananitaka ninenepe au nilipe, na kunenepa nilishakataa. Sikutaka mtu yeyote awe na haki ya kuutazama mwili wangu kama dhamana yake. Nilipata bei nzuri, kwa sababu najua kuuza, na Jumamosi asubuhi nikaenda kwa miguu nyumba kwa nyumba.

Fundi alipokea noti kwa mikono miwili, akauliza kama nimeshaonana na shehe. Muuza dagaa alisema, "Nimekusamehe yote, mwanangu, na wewe unisamehe," akanishika kichwa. Hapo nikaelewa. Kwetu mtu anayelipa madeni yote siku moja ni mtu anayejiandaa kuzikwa.

Mjomba nilimkuta kibarazani. Nikamwamkia, nikamwekea fedha mapajani.

"Yote?" aliuliza.

"Yote."

Akazihesabu, akavua kofia, akaanza kulia. "Ni lini, mwanangu? Walikwambia ni lini?"

Nilimwambia kwa sauti iliyowafikia majirani kwamba siumwi, kwamba nakula kalori elfu mbili na mia tatu kila siku ya Mungu, na kwamba daktari amesema sukari imeshuka. Mkewe alitoka ndani kuona ni nani anayegombana. Mjomba aliendelea kulia. Nikamwacha na fedha zake, nikaikata Ujiji yote nikikimbia, viatu vikipiga vumbi, sidaiwi na mtu.