Udongo wa Kufikia

Siku ninayotaka kukusimulia leo, mwanangu Elisha, ni ya zamani sana, na naikumbuka kwa sababu ya neno moja lililonitoka mdomoni mbele ya baba yangu. Nakuandikia kwenye simu mimi shangazi yako, sikwambii kwa mdomo, kwa sababu nyumba yenu hii ya Discovery Gardens, hapa Dubai, ina kuta nyembamba, na sitaki mkeo Salome ayasikie haya kutoka kwangu kabla hujayatafakari wewe mwenyewe. Wewe uko kazini unatengeneza viyoyozi vya watu, Salome amejilaza, mtoto Yohana naye ameshiba na kulala. Nimekaa kibarazani na kikombe cha chai. Vumbi nililolifuta asubuhi kwenye reli limekwisha kurudi.

Nianze na mambo ya jana. Tulipokuwa tunakula, Neema, binti wa Salome, alipiga simu kutoka Kondoa, kwa bibi yake anakolelewa tangu mama yake aje huku. Akanisalimu, shikamoo bibi. Akakusalimu na wewe, shikamoo anko. Kisha akamuuliza mama yake kama walimu wa shule za Dubai wanajua Kiswahili. Amekwisha kujiandaa, masikini, miaka saba tu na begi lake analiwazia. Simu ilipokatika ukasema, tonge bado liko mkononi, "Khalas, basi, hiyo habari tuiache mpaka mwakani, inshallah. Mtoto wa kufikia atazoea hukohuko kwa bibi yake. Sasa tuna wa kwetu."

Hukusema kwa ubaya. Nakujua tangu una nepi, na roho mbaya huna. Lakini Salome aliinuka akasema anafuata maji jikoni, na jagi lilikuwa pale mezani limejaa.

Mimi nikanyamaza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe nililopewa hapa ni kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto, si kuamua mambo ya nyumba ya watu. Ila shangazi akinyamaza sana, huyo si shangazi tena, ni mpangaji. Basi nisikilize.

Unajua kwamba ujanani nilipelekwa China kusomea kilimo. Baba yako Petro hupenda kuwaambia watu kwamba dada yake alipanda ndege kwenda kusoma matope, na hakosei sana. Kaskazini kule kuna nyanda pana za udongo wa manjano, na kazi yetu wanafunzi ilikuwa kuchimba shimo shambani, kushuka ndani, na kuusoma udongo tabaka kwa tabaka kabla ya kuutajia aina yake. Kwetu Kondoa huchimbi hivyo bila kugonga jiwe. Kule tulichimba mpaka tukahitaji ngazi, na hatukukuta kokoto hata moja. Juu palikuwa na weusi kidogo wa samadi na mizizi, halafu chini ni rangi moja tu, ya chai iliyozidi maziwa, inashuka bila kikomo.

Ukiusugua kwa vidole ni laini kama unga. Haukwaruzi kama mchanga, wala haunati kama mfinyanzi; ukiulowanisha ukajaribu kuusokota uwe kamba, unakatika. Ukiudondoshea asidi unatoa povu, maana una chokaa ndani yake. Ukiutazama kwa karibu unaona vijitundu vyembamba kama sindano, njia za mizizi ya nyasi zilizokufa zamani za kale. Maji ya mvua hupitia humo, yakatunzwa chini, na ngano ikayanywa wakati wa ukame. Kuta za shimo letu zilisimama wima bila kubomoka, na watu wa pale huchonga vyumba ndani ya udongo huohuo wakaishi humo raha mustarehe. Lakini uondolee nyasi zake, uuache uchi kwenye mteremko, mvua isiyotisha inauchana makorongo. Nilishangaa sana kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa imara hivyo na kuumia upesi hivyo.

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba huwezi kuupanga udongo kwenye aina yake kabla ya kujua asili yake. Upo udongo uliozaliwa papo hapo, kwa mwamba ulio chini yake kulika taratibu. Na upo udongo uliofika kutoka kwingine. Mwingine huletwa na mto, mwingine huporomoka kutoka mlimani. Ule wa manjano uliletwa na upepo. Ni vumbi la jangwani, lililosafiri mbali na kutua, mwaka huu utando usioonekana, mwakani utando mwingine; haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kile kimekuwa na kina cha kuzidi mnara wa kanisa. Penye nyasi vumbi lilikaa. Pasipo na nyasi, upepo uliolileta ulirudi ukalichukua.

Niliporudi nyumbani likizo, mwanangu, sikukalika. Nilikuwa nimejaa elimu kama gunia lililoshindiliwa. Mchana mmoja tulikuwa uani tunabambua karanga, baba, mama, baba yako na mimi. Baba alipenda habari za udongo kwa sababu shamba lake lilikuwa likiliwa na korongo, na alikuwa amepanda makonge na majani ya ng'ombe ukingoni mwaka hadi mwaka kulizuia. Nikamwelezea shimo letu, nikamwelezea upepo. Nilichokisoma nilikisoma kwa Kichina, kwa hiyo ilinibidi nitafute Kiswahili chake, nikashika neno lililokuwa karibu.

Nikasema, "Baba, udongo ule si wa pale. Ni udongo wa kufikia."

Mikono ya mama ikasimama. Baba aliendelea kubambua karanga. Baadaye kidogo akaniuliza kama ngano inaota humo, nikamwambia inaota kuliko mahali popote nilipopaona. Akauliza tena.

"Na hao wanaoulima, wao wanauitaje?"

Nikafikiri kidogo, nikamjibu kwamba wanauita shamba lao.

"Basi hilo la kufikia ni jina lenu nyie wapita njia," akasema.

Nikacheka, nikidhani ananitania. Lakini alimtazama mama, na mama akaitikia kwa kichwa. Baba akakung'uta maganda mapajani, akaniambia maneno ambayo nayajua kwa moyo mpaka leo.

"Mama yako alipokuja kwangu alikuwa amekubeba mgongoni, hujaanza hata kusema. Sikukuficha jambo hili kwa aibu. Nilikosa pa kuanzia, na leo umenipa."

Ndiyo, Elisha. Rudia kusoma kama hukuamini. Babu yako, yule aliyekuachia hayo masikio, hakunizaa mimi. Mimi na baba yako tumechangia mama tu. Shangazi yako huyu unayemtumia tiketi, uliyemwita aje akulelee mkeo na mwanao kwa sababu, kama ulivyoniambia kwenye simu, huwezi kumwamini mtu baki, ni mtoto wa kufikia. Hukujua, na baba yako hakukwambia, si kwamba alificha. Nadhani amesahau.

Nililia siku ile, nitakudanganya nini. Nilijaribu kukumbuka siku hata moja ambayo Petro alipewa na mimi nikanyimwa, na sikuipata. Nilichokumbuka ni kwamba nilichapwa kuliko yeye, lakini hiyo ilikuwa haki yangu, nilikuwa mtundu. Kisha nikamuuliza baba swali la kitoto: alianza lini kunipenda? Akasema hajui. Anachojua ni kwamba mwanzoni nilikuwa nikimwona tu naangua kilio. Basi akirudi shambani alikuwa anakaa mbali na kigoda chake, kule mlangoni pa zizi, anajifanya ana shughuli zake, ili nimzoee sura. Kesho yake anasogea kidogo. Kuna siku akaweka muwa uliomenywa katikati yetu akatazama pembeni. Kuna siku nikaenda mwenyewe nikashika mguu wa suruali yake. Alivyosema hivyo mama akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na Petro akabaki ametukodolea macho wote.

Nimeisomea kazi ya udongo maisha yangu yote, nimeshika udongo wa mikoa mingi, lakini hakuna aliyenifundisha kama yule mzee aliyekuwa anahamisha kigoda chake kila jioni.

Sasa mwanangu, nisije nikaonekana mzee asiyejua gharama za mji huu. Najua viza ya mtoto si chumvi ya kuazima kwa jirani. Najua ada za shule zinakuumiza kichwa, na chumba ni kimoja, na kitanda cha Yohana kimeziba mlango wa kabati. Ukisema hatujaweza bado, hakuna wa kukulaumu. Lakini jana hukusema hatujaweza. Ulisema tuna wa kwetu. Ukipenda boga, penda na ua lake, na wewe boga ulilipenda likiwa na ua lake tayari, ulikuja nyumbani kutuambia kwa kinywa chako. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Kumzaa Yohana kulimchosha Salome, wewe ulikuwa unazunguka varandani hospitalini na simu mkononi. Kazi yako ndiyo kwanza inaanza, na inaanza na watoto wawili.

Fikiri pia habari zako. Umefika mji huu na begi moja. Mara ngapi umenisimulia unavyojisikia mtu anapotazama kitambulisho chako kabla ya kukutazama usoni? Unakijua kidonda hicho. Usimpe mtoto wa miaka saba kidonda hicho mezani kwa mama yake.

Haya ndiyo ninayokuusia. Leo ukirudi, kabla hujavua viatu, muombe Salome radhi kwa lile neno, na lisitamkwe tena katika nyumba hii. Kesho nenda kwa wale wanaochapa maombi ya viza ukaulize taratibu zote. Hata zikichukua mwaka, Neema aambiwe kwamba umeanza, na aambiwe na wewe, si na mama yake. Mpigie wewe. Muulize amekula nini, wala usitafute maneno makubwa. Najua karatasi za huku zitakuandika wewe ndiye kafeel wake, yaani mdhamini wake, na najua vijana wengi hapa hulitamka neno hilo kwa uchungu. Kwake liwe na maana ya mtu aliyesimama akasema, huyu ni wangu, niulizeni mimi.

Akifika, usimharakishe. Akikuita anko, itika. Akikukimbia, kaa mbali kidogo anapoweza kukuona. Usimzidishie zawadi kumhonga, wala usimpunguzie kofi la mapaja akistahili, maana mtoto anayeogopwa kuchapwa hujua kwamba hapo si kwao. Na usimwache uchi mbele ya maneno ya watu. Wakikuuliza huyu ni nani, jibu haraka, kwa sababu atakuwa anasikiliza.

Mimi nimezeeka, na viza yangu ya matembezi inaelekea ukingoni. Sitaweza kungoja hapa mpaka nimwone akifika. Basi nakuombea kwa Mungu wa babu yako, aliyempa subira bila kumpa haraka. Akubariki katika kazi za mikono yako, aiweke nyumba hii katika amani, akulindie Salome, amkuze Yohana awe na dada wa kumchokoza. Na siku moja, shuleni au dukani au popote, mtu atakapomuuliza Neema baba yake ni nani, Mungu amjalie alitaje jina lako bila kumtazama mama yake kwanza.