Kikongwe cha Mama Nembo

Karakana nzima ilimwita Mama Nembo, kwa sababu hakuna sare ya shule iliyotoka pale bila nembo ya mfukoni kupita mikononi mwake. Mashine yake ya kudarizi iliendeshwa na kompyuta moja kuukuu, na kuiwasha kulikuwa na masharti utadhani ya mganga. Uipige kofi ubavuni mara mbili, usubiri feni iache kukohoa, kisha urudishe tarehe mpaka siku moja ya miaka kumi na moja iliyopita, maana programu ilikwisha muda na ikiiona leo inagoma. Kwa hesabu ya kompyuta hiyo, Mama Nembo alikuwa bado na miaka arobaini na minne, naye hakuona sababu ya kubishana nayo.

Kila mwaka bosi alitaka mfumo mpya, na kila mwaka Mama Nembo alimpiga chenga. Mara shule zinakaribia kufunguliwa, mara michoro itapotea. Bosi, ambaye hata kuiwasha hajui, alinywea.

Safari hii akamleta fundi wa kompyuta na amri: badilisha leo.

"Mama, nimeshajaribu," fundi alisema. "Michoro yote inahama. Ni kubonyeza tu, hata aliyeajiriwa jana anaweza."

"Hapo ndipo paniumapo." Visingizio vilikuwa vimemwishia. Alichungulia mlangoni, akashusha sauti. "Mwanangu, hili dude hakuna anayelijua ila mimi. Wa jana akiweza, mimi wa nini tena? Watanifukuza hata chai sijamaliza."

Hakuwa akitania. Aliogopa kweli.

Fundi akajikuna kichwa. "Na likiharibika kila mwezi, anaitwa nani?"

"Si wewe?"

"Na jipya likikaa miaka mitano bila kukohoa?"

Wakatazamana. Fundi akachomoa kalamu, akaandika ripoti: mfumo mpya hauelewani na mashine, tujaribu tena mwakani. Bosi aliisoma, akakunja uso kama mtu aliyeelewa, akatia sahihi.

Mama Nembo alilipiga dude makofi yake mawili, akarudisha tarehe.

"Basi nije lini kulitengeneza, Mama?" fundi aliuliza akifunga begi.

"Tarehe kumi," alijibu. "Ya kwako, si ya kwangu."