Udi Msituni

Kituo chetu cha utafiti kiko ndani ya msitu, kule vilimani nyuma ya Likoni. Nilikaa huko peke yangu wiki tatu kila mwezi, nikikagua kamera tulizozifunga kwenye miti, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita. Upweke ulinifikisha mahali nikawa naisalimia birika. Tuliyemtaka hasa ni isanje, kijinyama kama panya mwenye pua ndefu, mwoga kupita kiasi.

Wiki ya nne nilikuwa Timbwani kwa mama, ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Alinifulia nguo za kazi, akazitandaza juu ya chetezo na kuzifukiza udi, kama alivyomfanyia marehemu baba kila Ijumaa. Nikirudi msituni, kamera zilikaa siku kadhaa bila picha hata ya paa. Nililaumu betri, nikalaumu mvua, nikamgombeza fundi wa watu. Mwaka mzima ulipita kabla sijatambua kwamba mwenye makosa ni mimi, niliyepita kwenye miti nikinukia kama bwana harusi.

Nina hasira za karibu, na nilipofika tena Timbwani sikuzizuia.

"Mama, usizifukize tena. Wanifukuzia wanyama!"

"Mwanangu, hata maiti hufukizwa. Wewe u mzima, wataka kutoka kwangu hivi hivi?"

"Ndiyo, hivi hivi."

"Haya. Nimesikia."

Tangu hapo alinipa nguo zisizonukia kitu, zimekunjwa vizuri ndani ya mkoba. Isanje wakaonekana kwenye picha, wakubwa wangu wakanisifu. Mama hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Alifariki mwaka jana. Baada ya hitima nilifungua kabati lake nikakuta shati langu la zamani la kazi. Alilisahau au alilificha, wallahi sijui. Lilikuwa linanukia udi.

Nilirudi nalo msituni, nikalivaa kila siku na kuzungukia kamera zote. Nilijua naharibu kazi, na sikujali. Daftarini niliandika "hakuna mnyama", sababu sikuiandika. Kwa mara ya kwanza sikujiona peke yangu pale.

Siku ya tisa, kwenye picha ya asubuhi, isanje alikuwa amesimama mbele ya kamera, hana wasiwasi wowote. Nililivua shati nikalinusa, kola, mikono, kwapa: jasho langu tu. Kisha nikakaa chini nikalia.