Muuguzi Anayebisha Hodi Kwenye Pazia

Saa moja asubuhi, Tokilupe Vainikolo anasimama nje ya pazia la kitanda cha sita na kupiga hodi, kama aliyefika nyumbani kwa mtu. Ndani, mzee Sateki anakohoa, kisha anamwomba asubiri kidogo, hajafunga kiunoni mkeka wake, vazi la heshima la Watonga.

Muuguzi huyo mwenye miaka 54 hasogei. Daktari yuko njiani na wagonjwa kumi na mmoja hawajapimwa, lakini anamwacha mzee afunge mkeka polepole, kwa mkono wake mmoja uliobaki na nguvu.

"Ameongoza kwaya miaka thelathini," anaeleza kwa sauti ya chini. "Hawezi kupokea mgeni akiwa na shuka tu."

Huu ni mwaka wake wa ishirini na tisa katika hospitali ya Fonuamotu, kisiwa kidogo cha Tonga ambako zamu moja ina wauguzi wawili. Anasema hakuzaliwa na subira hiyo. Alifundishwa na mgonjwa.

Mwaka juzi alirejea kutoka likizo akamkuta Lavinia Taufa, msuka mikeka wa miaka 48, amelazwa. Alikuwa na kisukari, na jipu la pajani lilishaanza kunuka. Siku tatu alikuwa amekataa kusafishwa. Kwenye faili lake waliandika neno moja: mkaidi. Daktari alishasema mguu ungeweza kukatwa.

Tokilupe naye alianza vibaya. Anakiri kwamba alimgombeza mbele ya wodi nzima, na Lavinia akageukia ukutani. Mchana alirudi na sahani ya magimbi, akaketi, akamuuliza habari za mikeka yake. Walizungumza karibu saa nzima, ndipo akathubutu:

"Mama Lavinia, unachokataa hasa ni nini? Dawa, au sisi?"

"Wewe sikukatai, dada," Lavinia akajibu. "Yule Penisoni ni mtoto wa mama yangu mdogo. Huyo ni kaka yangu. Nimfunulie paja kaka yangu?"

Penisoni, muuguzi aliyekuwa katika wiki yake ya kwanza kazini, alilijua hilo. Aliona haya kukataa agizo la kumsafisha; Lavinia aliona haya kumwaibisha. Walikuwa wakistahiana kimyakimya huku kidonda kikizidi kuoza.

Mchana huohuo Tokilupe alikisafisha mwenyewe, na Penisoni akahamishiwa wodi ya wanaume. Wiki tano baadaye Lavinia alirudi nyumbani kwa miguu yake miwili. Kabla hajaondoka, Tokilupe alilikata lile neno kwenye faili mbele ya macho yake, akamwomba radhi.

"Nilikuwa nimezoea kuamini faili kuliko mtu," anasema.

Penisoni, ambaye bado anafanya naye kazi, anacheka. "Ukiwa zamu na dada Tokilupe, chai yako itapoa. Ila wagonjwa wake hawakatai sindano."

Imebaki miaka sita astaafu. Anataka ukurasa wa kwanza wa kila faili uwe wa maneno ya mgonjwa mwenyewe: aitweje, aoshwe na nani, nani asiingie. Wakubwa wamemkatalia mara mbili, wakisema muda hautoshi. Mwezi Agosti atawaandikia tena.

"Hata mimi nina kisukari," anasema, akikunja mikono ya sare yake. "Siku moja nitalazwa humu. Atakayekuja asianze na sukari yangu. Aniulize kwanza mimi ni nani."